Kokoto zimebandua rangi ya boneti: tutibu mchubuko wenyewe kabla ya kukimbilia kupuliza boneti nzima

Msafiri wa Nyanda za Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la rangi iliyobanduka kwa kupigwa na kokoto linaulizwa mara kwa mara, na jibu linalotolewa karibu kila mara ni moja: peleka kwa fundi apulize boneti nzima. Mimi napingana na jibu hilo. Mchubuko wa milimita mbili au tatu unapaswa kutibiwa pale pale ulipo, mapema, kwa lengo la kuzuia kutu, na rangi ya kiwandani inayouzunguka iachwe kama ilivyo, kwa sababu ukishaikwangua huwezi kuirudisha kwa kiwango kile kile katika gereji zetu za mtaani.

Tuanze na rangi yenyewe. Kiwandani, bodi la gari huoshwa, kisha huzamishwa lote kwenye bwawa la praima (rangi ya msingi) inayonatishwa kwenye bati kwa nguvu ya umeme, ili ifike hata kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi haiwezi kuzifikia. Praima hiyo huokwa kwa joto la nyuzi 160 hadi 180 hivi. Juu yake huja praima ya pili ya kusawazisha, halafu rangi, halafu klia (tabaka la juu lisilo na rangi), na tabaka hizo za juu huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140. Ukijumlisha zote unapata unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 140 hivi, yaani takriban unene wa karatasi moja ya kuchapishia. Rangi unayoiona kwa macho mara nyingi haizidi maikroni 20, na klia inayoilinda dhidi ya jua ni maikroni 35 hadi 50. Basi mtu anapokuja na msasa mkavu na kusema "nisafishe kidogo", anachezea kitu chembamba sana.

Gari likishafungwa matairi, nyaya, taa na plastiki, hakuna anayeweza kuliingiza tena kwenye joto la nyuzi 140. Ndiyo maana rangi za ukarabati hutengenezwa zikauke kwa msaada wa hadena, yaani dawa ya kukazia inayochanganywa na rangi, ndani ya oveni yenye nyuzi 60 hivi pale ambapo oveni ipo, na kwa jua na upepo pale ambapo haipo. Gereji nzuri hutoa kazi nzuri, silikatai hilo. Lakini kubadilisha boneti yenye rangi ya kiwandani kwa boneti ya kupuliza chini ya mwembe, kwa sababu ya vidoa vitano, ni kutoa kitu bora na kupokea kitu hafifu, tena kwa fedha zako mwenyewe. Mnunuzi makini anayekuja na kipimo cha unene wa rangi akikuta maikroni 120 kwenye milango na 300 kwenye boneti, anaanza kuuliza gari liligonga nini, na huna namna ya kumthibitishia kwamba ilikuwa kokoto tu.

Walioagiza magari yao Japani wanaweza kuona jambo hili kwenye karatasi ya mnada. Mchoro wa gari huwa na herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, P ni kasoro ya rangi, na W ni alama ya sehemu iliyonyooshwa au kupakwa upya. W1 ni kazi ambayo jicho la kawaida haliioni kirahisi, na bado wakaguzi wanaiandika. Wenzetu wanathamini rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo midogo kuliko rangi mpya inayong'aa, na nadhani wako sahihi.

Sasa kokoto. Anayesafiri barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma anajua msafara wa malori usivyokatika, na anajua vipande vya ujenzi ambapo unatolewa kwenye lami na kuingizwa kwenye mchepuko wa changarawe. Hatari kubwa zaidi ni lami ile inayomwagiwa kokoto ndogo juu na kushindiliwa, ikiwa bado changa. Kokoto zisizoshika hurushwa na kila tairi linalopita. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kokoto inayogongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ina nguvu karibu mara tatu ya ile inayogongwa kwa kilomita 60. Lori likiwa linakuja mbele yako, mwendo wake unajumlishwa na wa kwako. Kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori na kupunguza mwendo kwenye changarawe kunaokoa rangi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Sehemu zinazoumia ni ukingo wa mbele wa boneti, bampa, nguzo za pembeni mwa kioo cha mbele, ukingo wa mbele wa paa, vifuniko vya saidi mira, na sehemu ya chini ya milango nyuma ya matairi ya mbele, ambayo hupigwa na mawe ya tairi la gari lako mwenyewe. Hiyo ya mwisho watu wengi hawaikagui kwa kuwa inahitaji kuchuchumaa, na ndiko kutu inakoanzia.

Kabla ya kununua chochote, osha gari, kausha, kisha tazama kila mchubuko kwa tochi. Ukiona doa jeupe la ukungu lakini rangi ya gari bado ipo chini yake, klia pekee ndiyo imeumia. Ukiona kijivu au rangi nyingine tofauti na ya gari, umefika kwenye praima, na praima ikiwa nzima bati bado lina kinga. Ukiona bati linalong'aa au tayari lina rangi ya hudhurungi, hapo huna muda wa kusubiri. Chuma kikipata maji na hewa huanza kutu, na chumvi huiharakisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma rangi kutoka chini na kuinua kingo za mchubuko; maji yanapata njia mpya, na doa la milimita mbili linakuwa lengelenge. Magari yenye boneti ya alumini hayapati kutu ya aina hiyo, ingawa alumini nayo hufanya unga mweupe chini ya rangi ikiachwa wazi.

Hatua ya kwanza ya kazi ni kupata rangi sahihi, na hapo msikisie kwa macho. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, kibao cha chuma kipo chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye fremu ya mlango. Tafuteni mstari wa COLOR TRIM au C/TR. Kundi la kwanza la herufi na namba ni rangi ya nje, la pili ni rangi ya ndani, na watu wengi huagiza kwa kusoma kundi la pili. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi ya kawaida, 1F7 ni fedha yenye chembe za metali, 070 ni nyeupe ya lulu. Kwenye Honda na Mazda angalieni fremu ya mlango. Maduka yanayochanganya rangi za magari, kwa Dar es Salaam eneo la Kariakoo na Gerezani, hufuata namba hiyo. Hata hivyo gari lililokaa juani miaka 15 limepauka, kwa hiyo pelekeni na kitu cha kulinganishia, kwa mfano kifuniko cha tangi la mafuta kama kinaweza kutolewa.

Kuna jambo la kupima hapa. Rangi nyingi ni za tabaka mbili, rangi na klia, lakini baadhi ya rangi za kawaida, hasa nyeupe za magari ya zamani, hazina klia kabisa. Chukua kitambaa safi cha rangi tofauti na ya gari (cheusi kwa gari jeupe), chenye kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) kidogo, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikipata rangi ya gari, hakuna klia juu, na hutahitaji klia kwenye doa iwapo utanunua rangi yenye hadena inayong'aa yenyewe. Kikibaki bila rangi, unahitaji rangi na klia, vyote viwili, kwa sababu rangi ya chini bila klia hubaki imefifia na haidumu.

Pili ni usafi. Sabuni haitoshi, kwa maana mabaki ya nta na vipolishi vyenye silikoni hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo. Futa kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti nyingine za dukani zina mafuta. Dondosha tone kwenye kioo, na likikauka na kuacha utando, usilitumie kwenye rangi.

Tatu, ondoa kutu yote ndani ya mchubuko. Kata kipande kidogo cha msasa, kigandishe kwenye ncha ya kijiti, zungusha ndani ya doa tu hadi bati ling'ae. Kingo zilizoinuka ziondolewe kwa ncha ya wembe wa kukatia karatasi, kwa sababu rangi iliyoachana na bati haitashika tena hata ukiifunika.

Nne, praima kwenye bati tupu, kiasi kinachotosha kufunika bati, kwa ncha ya kijiti. Subiri ikauke. Kisha rangi, nyembamba, kwa brashi ndogo sana au ncha ya kijiti, ukiigusisha katikati ya doa na kuiacha ijisambaze yenyewe hadi kwenye kingo. Tone moja kubwa linaloonekana limejaza shimo litanywea likikauka, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujazo wake ni tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) inayopotea hewani, na juu litafunga ngozi huku ndani likiwa bichi. Weka tabaka kadhaa nyembamba, ukiacha muda kati yake, hadi doa liwe chini kidogo ya usawa wa rangi ya zamani, halafu malizia kwa klia hadi ipande juu ya usawa kidogo.

Fanyeni kazi hii kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi. Boneti iliyokaa kwenye jua la saa saba hukausha rangi kabla haijatulia, na siku yenye unyevu mwingi wakati wa masika rangi hushika ukungu mweupe, kwa sababu tina inapopaa hupoza uso na unyevu wa hewa unaganda juu yake.

Wengi wangeishia hapo, na ni halali kuishia hapo: bati limefungwa, kutu haina njia. Anayetaka doa lisionekane asubiri angalau wiki moja, kisha asawazishe kile kinundu kwa msasa wa maji namba 2000, halafu 2500 au 3000, kipande kidogo kikiwa kimegandishwa kwenye kifutio cha penseli ili kisugue kinundu peke yake. Maji yenye tone la sabuni yawepo muda wote, na kila baada ya misuguo michache afute na kuangalia. Kinundu kikilingana na uso, aache msasa na aingie kwenye kompaundi kwa mkono. Kumbukeni klia yote ni maikroni 35 hadi 50, na msasa hauchagui klia mpya na ya zamani.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Mkaa Pwani

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maelezo ya kina. Mimi nipo Tanga, gari nalilaza umbali mfupi kutoka baharini. Michubuko ya mlangoni niliipaka rangi ya chupa ndogo yenye brashi, rangi ikalingana vizuri sana, lakini kabla ya mwaka kuisha kutu ilitokea pale pale na safari hii imefanya malengelenge. Je, kwa sisi wa pwani njia hii inafaa kweli, au hewa ya chumvi inatushinda?

Msafiri wa Nyanda za Juu

Ndugu yangu wa Tanga, inafaa, ila pwani haisamehe hatua iliyorukwa. Rangi ya kugusia siyo kinga dhidi ya kutu kama haina praima chini yake. Inapitisha unyevu taratibu, na ikiwa ndani ya kile kishimo kulibaki hata chembe ya kutu pamoja na chumvi, kazi ya kutu inaendelea chini ya rangi mpya bila wewe kuona.

Kwa hali yako, anza kwa kuosha eneo hilo kwa maji baridi mengi, kwa sababu chumvi huyeyuka kwa maji na haiondoki kwa tina wala alkoholi. Kausha kabisa. Yale malengelenge usiyapake juu; yafungue kwa wembe, fuata rangi iliyoachana hadi ufike mahali ilipong'ang'ania bati kwa nguvu, hata kama doa litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Kwangua hadi bati safi, kisha tumia praima ya epoksi yenye hadena, ambayo inazuia unyevu vizuri kuliko praima za chupa moja. Fanya kukwangua, usafi na praima siku ileile, maana bati tupu karibu na bahari likilala usiku mmoja linaamka na utando wa kutu.

Chungulia pia matundu ya kutolea maji yaliyo chini kabisa ya mlango. Yakizibwa na matope, mlango unahifadhi maji ndani, kutu inatoka ndani kuja nje, na hapo hakuna rangi ya nje itakayokusaidia.

Fundi Rangi

Wakuu, mimi kazi hii ndiyo inayonilisha. Mengi aliyoandika mwanzisha uzi ni sahihi, na hata mimi mteja akija na vidoa vichache namwambia tuviguse, tusipulize. Hata hivyo nina nyongeza tatu.

Ya kwanza ni dawa za kugeuza kutu. Watu wengi wanazinunua na kuzimimina kila mahali. Zenye asidi ya fosfori hufanya kazi, lakini mabaki yake yasiposafishwa jinsi chupa inavyoelekeza, praima ya epoksi haitashika vizuri juu yake. Mahali ambapo unaweza kufika bati safi kwa kukwangua, kwangua. Dawa iwe kwa vile vishimo vya ndani ambavyo ncha ya msasa haifiki.

Ya pili: kuna wakati ni lazima kupuliza. Klia ikishaanza kubabuka yenyewe kwa jua, kama tunavyoona kwenye mapaa na maboneti mengi, kugusia doa moja moja hakusaidii kitu, kwa sababu tabaka lote limeachana. Vivyo hivyo boneti yenye michubuko mingi kiasi kwamba kati ya mmoja na mwingine hakuna nafasi, au kutu iliyotoboa. Hapo mtafute fundi, lakini muulizeni maswali kabla hajagusa gari. Atakwangua kutu hadi bati, au atafunika kwa puti (uji mzito wa kuzibia mashimo)? Puti hunywa maji, na puti juu ya kutu ni kazi ya miezi michache. Atatumia praima ya epoksi? Klia yake ni ya hadena? Atafungua taa, nembo na mipira, au atabandika gazeti pembeni? Gazeti na gundi ya karatasi huacha ukingo wa rangi, na rangi huanza kubanduka kwenye ukingo huo. Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Ya tatu inahusu afya, na naomba isomwe. Hadena ya klia ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukizivuta mara kwa mara, mapafu yanaweza kupata pumu ya kudumu, na mtu akishakuwa na mzio nazo, kiasi kidogo sana kinamletea shida ya kupumua. Kitambaa puani hakizuii. Kwa kugusia doa kwa kijiti hatari ni ndogo, ila fanyeni mahali penye hewa na vaeni glavu. Kwa kupuliza, hata kwa kopo dogo lenye hadena ndani, inahitajika angalau barakoa yenye vichujio vya mvuke na vya chembechembe inayobana uso vizuri, na wengine wote wakae mbali. Vijana wengi katika gereji zetu wanapuliza wakiwa wamefunga fulana puani, na wenye gereji tunawajibika kulibadilisha hilo.

Msafiri wa Nyanda za Juu

Fundi, nakushukuru sana, hasa kwa hilo la mwisho. Kwenye klia inayobabuka tunakubaliana kabisa. Ninachokipinga ni kupuliza sehemu ambayo rangi yake bado imeshika vizuri.

Dada wa Harrier

Habari zenu kaka zangu. Gari langu ni Harrier nyeupe ya lulu, kibao kinasema 070. Nimenunua chupa ya rangi yenye namba hiyo, lakini nikiijaribu kwenye karatasi naona inakuwa kama maziwa yenye maji, haifuniki chochote. Je, nimeuziwa rangi mbovu?

Msafiri wa Nyanda za Juu

Hapana dada, inaelekea umeuziwa nusu ya rangi. Nyeupe ya lulu ni ya tabaka tatu: chini kuna nyeupe inayofunika, katikati kuna tabaka la lulu linalopitisha mwanga, na juu kuna klia. Ulichonacho ni tabaka la katikati. Rudi dukani uombe rangi ya chini ya 070, na wakikuambia haipo, usikubali kupewa 040 badala yake, kwa kuwa weupe wake ni tofauti na doa litaonekana. Nyekundu ya Mazda yenye namba 46V nayo ni ya tabaka tatu, kwa hiyo wenye magari hayo wazingatie hivyo hivyo.

Ukishapata zote, nyeupe ya chini iwe nyembamba na isivuke kingo za mchubuko, kisha lulu, kisha klia. Kila tabaka la lulu unaloongeza linabadilisha mwonekano, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki nyeupe, ukikilinganisha na gari nje kwenye mwanga wa mchana. Chembe za lulu na za metali zikipulizwa hulala kwa mpangilio mmoja, na zikipakwa kwa brashi hulala ovyo. Ndiyo sababu doa linaweza kupotea ukiwa umesimama mbele ya gari na kuonekana ukiwa pembeni. Hilo lipo hata kwa mikono ya fundi bora, na kwa doa la milimita mbili sioni kama linastahili kukunyima usingizi. Tikisa chupa kwa dakika kadhaa kabla ya kutumia, maana chembe hizo huzama chini.

Mwenye Crown

Mkuu, mimi nimeshatibu michubuko yangu na sasa nataka kinga. Nimeambiwa kwamba nikiweka seramiki sitapata tena alama za kokoto. Ni kweli? Na zile ngozi nyeusi za kufunika mbele ya boneti je?

Msafiri wa Nyanda za Juu

Si kweli, na aliyekuambia hivyo amekuuzia matumaini. Seramiki ni tabaka la maikroni chache tu. Inasaidia maji na uchafu visishike, inapunguza athari za kinyesi cha ndege na utomvu, na kuosha gari kunakuwa rahisi. Kokoto haiitambui.

Kinachozuia kokoto ni filamu ya uwazi ya poliyurethani, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200 hivi, yaani nene kuliko rangi yote ya gari, tena laini inayomeza pigo na kurudi. Nyingi za kisasa hujiziba mikwaruzo midogo zikipata joto la jua. Ni ghali, na kazi yake inataka fundi mwenye mkono mtulivu na chumba kisicho na vumbi, kwa hiyo sikushauri ufunike gari zima. Funika theluthi ya mbele ya boneti, bampa, vifuniko vya saidi mira na sehemu ya chini ya milango. Usiweke filamu juu ya rangi iliyopulizwa juzi, kwa kuwa tina bado inatoka, wala juu ya klia dhaifu, kwa sababu siku ya kuitoa itaondoka na klia hiyo.

Ngozi za boneti siziungi mkono kwa mazingira yetu. Vumbi laini linaingia chini yake, ngozi inatetemeka kwa upepo, na vumbi hilo linasugua rangi safari nzima. Mvua ikinyesha, unyevu unakaa humo. Mipira ya kuning'inia nyuma ya matairi ya mbele ni ya bei nafuu na inaokoa milango kwa kiasi kikubwa, hasa kwa wanaoishi kwenye barabara za vumbi.

Dereva wa Nairobi

Habari wadau. Huku kwetu watu wengi hutumia rangi ya kucha kuziba vidoa, na mimi mwenyewe nina bampa lenye vidoa vingi. Mnasemaje kuhusu hilo? Na je, bampa nalo linahitaji praima ya kuzuia kutu?

Fundi Rangi

Ndugu wa Nairobi, rangi ya kucha haikutengenezwa kukaa juani mwaka mzima. Inapauka, inapasuka, na siku ukitaka kufanya kazi halisi utalazimika kuitoa kwanza. Ile isiyo na rangi naweza kuikubali kama kizuizi cha muda ukiwa safarini, bati limetoka na mvua inakuja, mradi doa ni kavu na safi, na ukifika nyumbani uitoe.

Bampa la plastiki halipati kutu, kwa hiyo hakuna haraka. Shida yake ni kushika. Rangi haipendi plastiki tupu, kwa hiyo pale ambapo plastiki imetokeza, sugua kidogo kwa msasa laini, safisha, kisha weka praima maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki, safu nyembamba sana, kabla ya rangi. Ukiiruka, rangi itatoka hata kwa kukwaruzwa na ukucha. Pia usijaze kwa rangi nene, kwa sababu bampa hujikunja na rangi nene hupasuka.

Mkaa Pwani

Nimeelewa vizuri, ahsanteni nyote. Swali la mwisho: baada ya kumaliza, ni lini naweza kuosha gari kwa mashine na kupaka nta?

Fundi Rangi

Maji ya kawaida na sabuni laini baada ya siku mbili au tatu hayana tatizo. Nta isubiri hadi rangi iwe imekauka hadi ndani. Kwa rangi ya chupa isiyo na hadena subiri mwezi mmoja hivi. Mashine ya presha iogopeni hata baada ya hapo. Waambieni vijana wa kuosha magari washike bomba umbali wa nusu mita au zaidi, na wasilielekeze moja kwa moja kwenye doa lililotibiwa wala kwenye mchubuko ambao haujatibiwa, kwa sababu maji ya presha yakipata ukingo wa rangi ulioinuka yanabandua na rangi ambayo ilikuwa bado nzima.